Nani Amekula Vifaranga Wangu?

Masomo: Hesabu 32:16-27, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 13:31-35



Wengi wenu hapa Nakivale mmeanza kufuga kuku, hasa kina mama, kwa kuwa mgao wa chakula umekuwa ukipungua na shamba dogo halitoshi. Kuku watano wanaotaga wanaweza kununua madaftari ya mtoto na sabuni ya nyumba. Ndiyo maana mwezi huu nimeona neno letu litoke uani, palipo na vifaranga. Nawaomba msome hadi mwisho, kwa sababu nina jambo la kuungama mbele yenu.

KOSA LANGU

Mwaka jana, katika mvua za mwezi wa kumi, kuku wangu aliangua vifaranga 14. Tulifurahi nyumbani. Mke wangu alikuwa amekwisha kupanga jogoo yupi atauzwa na pesa yake itafanya nini. Lakini sikuwajengea kitu. Nilisema moyoni, mama yao yupo, atawalinda. Mchana walizunguka uani na kandokando ya mahindi, usiku walilala katika kibanda cha udongo ambacho mlango wake ulikuwa kipande cha turubai.

Juma la kwanza walipotea watatu. Juma la pili, asubuhi moja, nikakuta watano hawapo. Hapakuwa na damu wala maiti.

Nina jirani ambaye si wa lugha yangu. Mnaelewa ninachosema. Kule tulikotoka, watu wake na watu wangu hawakuachana vizuri. Hapa tumepewa viwanja vinavyogusana, na kwa miaka minne tulikuwa tumeazimana jembe na chumvi. Siku ile nikakumbuka kwamba mtoto wake wa kiume, wa miaka kumi hivi, alionekana jioni karibu na kibanda changu akitafuta mpira. Nilipokwenda bombani kuchota maji nikasema mbele za watu, tena kwa kicheko: "Siku hizi mwewe wa hapa kwetu ana miguu miwili na anavaa kaptula."

Watu walicheka. Sikutaja jina, lakini kila mtu alijua. Kabla ya jua kuzama maneno yalikuwa yamemfikia mama yake. Tangu siku ile hakutuma tena mtu kuazima chumvi. Watoto wenzake walianza kumwita yule kijana mwizi wa kuku, naye akaacha kwenda bombani pamoja nao. Alikwenda peke yake, saa ambazo hapakuwa na watu.

Mama mmoja mzee wa kanisa letu alikuja kunitembelea, akanikuta bado nalalamika. Akaniuliza: "Mchungaji, kifaranga wa majuma mawili ana nyama gani? Mtu akija kuiba, atamwacha mama yao mwenye kilo mbili, achukue wadogo wasiojaza hata kiganja?" Sikuwa na jibu. Akanishika mkono, tukazunguka nyuma ya kibanda. Pale chini ya ukuta palikuwa na tundu, udongo umetolewa nje, na kwenye matope yaliyokauka zilionekana alama za nyayo ndogo zenye makucha. Ndani ya tundu mlikuwa na manyoya. Mwizi wangu alikuwa kicheche.

Nilimsingizia mtoto wa watu kwa kazi ya kicheche.

SHERIA YA UKUTA WA DARINI

Usiku ule nilisoma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anawaagiza Israeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukuta mdogo juu ya dari, maana nyumba zao zilikuwa na dari tambarare na watu walipanda kupumzika huko. Asipoujenga, kisha mtu akaanguka, damu ile itakuwa juu ya nyumba yake. Angalieni vema, wapendwa. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Yawezekana hata hakuwepo. Lakini Mungu anamdai, kwa sababu alijua hatari iko pale naye hakujenga.

Mimi nilikuwa nimeuliza, "Nani amekula vifaranga wangu?" Neno likaniuliza, "Ukuta wako uko wapi?"

Ndugu zangu, sisi tuliokimbia vita tumejifunza kuuliza lile swali la kwanza. Tumenyang'anywa kweli. Tumeibiwa kweli. Kwa hiyo kila kinachopotea tunamtafuta mtu, na mara nyingi tunamtafuta miongoni mwa wale ambao majina yao hayafanani na yetu. Lile swali la pili linauma zaidi, kwa sababu jibu lake liko mikononi mwetu.

NAMNA YA KUJENGA UZIO

Sasa tuseme habari za kazi yenyewe, maana imani isiyoshika panga na kamba haitamlinda kifaranga hata mmoja. Haya ndiyo niliyoyafanya baadaye, na ambayo wafugaji walionitangulia wamenifundisha.

Ukubwa. Kwa mama kuku mmoja na vifaranga wapatao 15, hadi watimize miezi miwili, uzio wa mita 3 kwa mita 2 unatosha. Hauhitaji kuwa mrefu. Kimo cha kiuno cha mtu kinatosha ukiwa umefunikwa juu, nao utakula miti michache. Chagua mahali palipoinuka kidogo, pasipotuama maji, nusu jua na nusu kivuli. Kifaranga huuawa na unyevu kama anavyouawa na mwewe.

Nguzo. Choma moto kidogo ile ncha itakayoingia ardhini, mchwa watachelewa kuila. Lakini nawasihi, msikate miti katika mashamba ya wenyeji bila ruhusa. Wametupokea katika nchi yao. Fito tano za wizi zinaweza kuleta ugomvi ambao kuku hamsini hawawezi kuulipa.

Chini. Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunasimamisha ukuta mzuri, tunasahau kwamba adui mkubwa anachimba. Ukiwa na wavu wa chuma, usiukomeshe penye udongo. Ukunje kwenda nje, ulale juu ya ardhi kiasi cha sentimita 30 kuzunguka pande zote, kisha uufunike kwa udongo na mawe. Kicheche huja mpaka kwenye ukuta na kuanza kuchimba pale pale, naye atakutana na wavu kila anapojaribu. Kama huna wavu, chimba mfereji wa kina hicho hicho, ujaze mawe na vipande vya matofali, na nguzo zisimame humo.

Pande. Ule wavu wa kawaida wa kuku una matundu mapana. Kifaranga wa juma moja hupita humo, na nyoka na panya pia. Sehemu ya chini, hadi kufikia goti, weka wavu wa matundu madogo yasiyozidi sentimita moja na nusu. Asiye na pesa asuke matete au vijiti kama anavyosuka kikapu, akaze vizuri.

Juu. Mwewe na kunguru huja kutoka juu, basi funika. Wavu ni mzuri. Matawi yaliyopangwa na kufungwa kwa kamba za migomba yanafaa pia, maadamu mwanga na jua la asubuhi vinaingia.

Matumizi. Vifaranga walio na mama wanaweza kutoka siku za jua, baada ya umande kukauka. Wasio na mama wangoje mpaka manyoya yaote vizuri, yaani majuma matatu au manne. Maji yawekwe katika sahani isiyo na kina, na vijiwe ndani yake, ili kifaranga asizame. Safisha mara kwa mara, na ukiweza hamisha uzio uende penye ardhi safi, maana ardhi chafu yenye unyevu huleta ugonjwa wa kuhara damu. Jioni wote warudi kwenye kibanda chenye kuta ngumu na mlango wa kufunga. Uzio ni wa mchana.

Tena uzio hauzuii kideri. Ugonjwa huo unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, wa aliyejenga na wa asiyejenga. Shirikianeni kununua chanjo ya matone ya jicho, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo nyumba kadhaa zinaweza kuchangia. Hapo hutauliza jirani ni kabila gani, kwa sababu kuku wake asipochanjwa, wako naye hayuko salama vizuri.

MUSA ALIGEUZA MPANGILIO

Wapendwa, kuna jambo katika Hesabu 32 ambalo nililisoma miaka mingi bila kuliona. Wana wa Reubeni na wana wa Gadi walikuwa na mifugo mingi. Walitaka kukaa ng'ambo ya mashariki ya Yordani, mahali pa malisho. Walimwendea Musa wakamwambia mpango wao: watajenga mazizi kwa ajili ya mifugo yao, na miji kwa ajili ya watoto wao. Hiyo ni mstari wa 16. Musa akakubali, lakini alipowajibu katika mstari wa 24 aliyageuza maneno. Akawaambia wajenge miji kwa ajili ya watoto wao, na mazizi kwa ajili ya kondoo. Watoto kwanza, kundi baadaye. Nao wakasikia, maana katika mstari wa 26 walipojibu walianza kutaja watoto wao na wake zao, ndipo wakataja mifugo.

Hawa hawakuwa watu wabaya. Waliwapenda watoto wao. Lakini mtu aliyekuwa maskini akianza kupata mali kidogo, ulimi wake huanza kuitaja mali kwanza, na baada ya ulimi mikono hufuata.

Nitasema wazi. Mwaka huu nimeingia katika ua mmoja wa waumini wetu nikakuta uzio mzuri sana, umefunikwa juu kwa chandarua. Nikauliza, "Chandarua hiki kimetoka wapi?" Mwenye nyumba akainamisha uso. Kilitoka kwenye kitanda cha watoto. Vifaranga walikuwa salama kutoka kwa mwewe, na watoto watatu walilala na mbu. Hapa kwetu malaria haihitaji kuelezwa. Kila mmoja wetu anajua kaburi lake. Tulikitoa chandarua siku ile ile, tukakifua, tukakirudisha kitandani, na vifaranga tukawafunikia kwa matawi. Kazi yote haikuzidi saa moja.

Na jambo lingine. Nani anatumwa kufunga kuku jioni? Nani anatumwa kutafuta fito na kuni mbali, akarudi giza limeingia? Mara nyingi ni msichana wa miaka kumi na miwili, peke yake. Tunajua yanayoweza kuwapata wasichana njiani. Tunajua, lakini hatusemi kanisani. Mimi leo ninasema. Kuku wafungwe kabla jua halijazama, na fito ziletwe na wanaume. Jioni unapohesabu vifaranga wako mmoja mmoja hadi wa kumi na nne, je, umehesabu watoto? Unajua kila mmoja yuko wapi?

MBWEHA NA KUKU

Katika Luka 13 Mafarisayo walikuja kumwambia Yesu aondoke, kwa kuwa Herode anataka kumwua. Yesu akamwita Herode mbweha. Kisha, mistari michache tu mbele, akaulilia Yerusalemu, akajifananisha na kuku anayetaka kukusanya vifaranga chini ya mbawa zake, nao hawakukubali.

Ajabu ya neno hili ni hii. Yesu angeweza kujifananisha na simba aliye na nguvu za kumrarua mbweha. Hakufanya hivyo. Alijiita kuku. Na kila mfugaji anajua kuku ana silaha gani mbele ya mbweha. Hana meno, hana makucha ya maana. Anacho kifua chake tu. Akipanua mbawa na kuwakusanya watoto, anakuwa ameamua kwamba mnyama aanze na yeye. Ndivyo ilivyokuwa msalabani nje ya Yerusalemu. Alikaa mahali pake mpaka mwisho, na sisi tulio chini ya mbawa tukapona.

Mmemsikia mama kuku anapoona mwewe? Hutoa sauti moja kali, na vifaranga wote hukimbia. Asiyekimbia ndiye anayechukuliwa. Yesu hakulia kwa sababu mbawa zake zilikuwa fupi. Alilia kwa sababu waliitwa nao hawakuja. Ndugu, yawezekana umekuja na uchungu kutoka nyumbani, umeuficha miaka kumi, na kila Jumapili sauti inakuita uutue. Njoo. Mwewe haulizi kwanza kama kifaranga amechelewa kwa sababu nzuri.

Nikirudi kwenye kicheche: ule uchungu ndio unaochimba chini ya ukuta. Tumesimamisha kuta nzuri. Tuna kwaya, tuna umoja wa kina mama, tunapeana mikono ibada inapokwisha. Lakini chini, mahali pasipoonekana, kuna maneno tunayoyasema kwa lugha zetu tukiwa peke yetu jikoni, watoto wakisikia. Humo ndimo tundu linaanzia. Weka mawe hapo. Likatae neno la kabila mbele ya mtoto wako, hata kama aliyelisema ni mjomba wake.

"LAKINI SISI NI WAPITAJI"

Wengine mtasema, "Mchungaji, kwa nini nijenge? Mimi ninangoja kurudi nyumbani," au, "Mimi ninangoja kuitwa kwenda nchi ya tatu." Nawaheshimu. Nami ninangoja. Lakini makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya waliokimbia Rwanda, na wapo watu waliozaliwa hapa ambao sasa wana wajukuu. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, baadhi ya waliokuwa wakingoja safari walikuwa wamekwisha kuuza vitu vyao. Tulilia pamoja nao.

Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli, katika sura ya 29, wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, tena wauombee amani mji walimopelekwa, kwa kuwa amani ya mji ule ndiyo itakayokuwa amani yao. Hakuwaambia kwamba hawatarudi. Aliwaambia watarudi, ila kwa wakati wa Mungu. Katika kungoja huko, mtoto anahitaji yai leo. Jenga. Ukiitwa kesho, mwachie jirani uzio wako. Na huyo jirani akiwa wa lugha nyingine, utakuwa umehubiri kuliko mimi.

MWISHO WA HABARI YANGU

Nilikwenda kwa jirani yangu kuomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi hukunikosea sana. Mwombe mtoto." Nikamwomba mtoto, mtu mzima mbele ya kijana wa miaka kumi, na haikuwa rahisi. Halafu, kwa kuwa nilimchafulia jina bombani, nikaenda bombani asubuhi watu walipokuwa wengi, nikasema kwa sauti kwamba vifaranga waliliwa na kicheche, na kwamba mimi nilisema uongo juu ya mtoto asiye na kosa. Hapo hawakucheka.

Mama yake ameanza tena kutuma chumvi. Yule kijana bado ananisalimia kwa mbali. Simlaumu. Jina la mtoto hubomolewa kwa neno moja, na kulijenga upya huchukua siku nyingi kuliko uzio. Kwenye uzio mpya nimewaweka vifaranga tisa. Wakikua, mmoja ni wake, naye amekwisha kuambiwa. Siku moja nilimwona amesimama nje ya uzio akiwatazama, akijaribu kukisia yupi.

Tuombe:

Bwana Yesu, wewe uliyetaka kutukusanya nasi tukakawia, tukusanye leo. Utusamehe pale tulipomtafuta mwenye kosa kabla ya kuitazama kazi ya mikono yetu. Walinde watoto wetu njiani, bombani na vitandani mwao. Wabariki wenyeji waliotupa ardhi hii. Zibariki kuku zetu chache, zisiwe za kwanza mioyoni mwetu. Amina.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi vya maombi:

1. Je, kuna mtu niliyemshuku au kumsingizia bila kuona kwa macho? Nilisema wapi, na ni wapi ninapaswa kusahihisha?

2. Nyumbani kwetu, ni hatari gani tunayoijua na hatujaizungushia ukuta?

3. Soma Hesabu 32:16 na 32:24. Katika matumizi yetu ya mwezi huu, watoto wametajwa wa ngapi?

4. Je, katika kijiji chetu nyumba tatu au nne za lugha mbalimbali zinaweza kuchangia wavu au chanjo pamoja? Nani ataanza kumwendea mwenzake?

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.

Mchungaji wenu